Mkamwambie Jean Tulikokwenda

Jumatatu, 20 Agosti 1951

Daftari hili nimepewa na muuza mbegu. Kila ukurasa una tangazo la dawa ya kupe wa kondoo, kwa hiyo atakayesoma maneno yangu atafaidika hata nikimchosha.

Naanza kuandika leo kwa sababu leo nimeahidi jambo mbele ya watu, na sitaki baadaye waseme lilikuwa domo tu. Mimi ni Dod Shewan, mpishi mstaafu wa meli. Nimekaa baharini miaka thelathini na sita. Nimepika uji katika dhoruba ambayo nahodha alikuwa chini ya meza akimwita mama yake. Bandari zote zinazostahili kutajwa nazijua, na tatu zisizostahili nazijua zaidi. Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na miwili, na mwalimu alinisindikiza hadi getini kuhakikisha.

Sasa nakaa kijijini Balfendie kwa dada yangu Teenie, mjane, anayepangisha chumba cha mbele. Leo kimepata mpangaji: Bi Jean Tolmie kutoka Ontario, Kanada. Ana miaka sabini na sita, hakuolewa, mwembamba kama mpini wa ufagio, ana vidonge vya moyo kwenye kijaluba cha peremende. Atakaa mpaka Novemba. Tulipokuwa tunakula, Mwalimu Duguid akaingia kwa chai. Alifundisha shule hapa, sasa ni karani wa kanisa na vitabu vya zamani viko kwake. Teenie akamuuliza mgeni kilichomleta huku wakati wa mavuno, tena mavuno yenye mvua.

Akasema babu na bibi yake, William na Elspet, walikuwa vibarua wa mashamba pande hizi, wanahamahama. Mwaka 1842 walipanda meli Aberdeen kwenda Kanada na watoto watatu. Walikuwa na wanne. Mkubwa, Jean, wa miaka kumi, alikuwa na homa siku ya safari na nahodha akamkataa. Wakamwachia mwanamke mmoja, wakitumaini kumtumia nauli.

"Bibi Elspet alikufa nikiwa na miaka kumi na miwili," akasema. "Nilikuwa nimekaa kitandani kwake. Alituambia sote: nendeni mkamwambie Jean tulikokwenda. Hakuna aliyekwenda. Nimebaki mimi. Sina ndugu, sina mtoto. Miaka arobaini naandika barua huku, najibiwa kwamba watu hao hawapo."

Teenie akaweka uma chini. Mimi kimya sikiwezi.

"Bi Jean," nikasema, "nipe wiki mbili. Nimewahi kumpata mpishi mlevi katika mji wa Valparaiso siku ya sikukuu. Nitashindwa na msichana wa Banffshire, hapahapa kwetu?"

"Na Kanada unaijua?" akauliza.

"Kama jiko langu."

Teenie akanitazama. Alinifulia soksi miaka yote hiyo, anajua nimefika wapi.


Jumanne, 21 Agosti

Kwanza ushindi wangu.

"Hiyo miaka arobaini ulikuwa unamtafuta nani?" nilimuuliza asubuhi.

"Elspet Milne."

"Ndiyo maana. Huyo hajawahi kuwapo. Kabla ya kuolewa aliitwa nani?"

"Gerrie."

"Basi ni Gerrie mpaka kaburini."

Huku kwetu mwanamke haachi jina la baba yake kwenye kitabu cha kanisa wala kwenye jiwe, hata aolewe mara tatu. Wakanada wamesahau. Mwalimu Duguid alifungua kitabu cha 1842 na kabla chai haijapoa akampata: *Elspet Gerrie, mke wa William Milne, waenda Amerika, hawana aibu yoyote tuijuayo.* Bi Jean aliweka kidole chini ya jina, hakukiondoa. Nilijisifu hadi Mwalimu akavaa kofia aondoke.

Kabla hajafika mlangoni Bi Jean akaleta Biblia ya familia. Ukurasa wa mbele, kwa mwandiko wa Elspet: *Jean, 1832. Barbara, 1834. Alexander, 1837. William, 1840.* Kisha kwa wino mwingine, wa Kanada: *Jean, 1844.*

"Huyu wa mwisho ndiye mama yangu," akasema. "Walimpa jina la dada yake aliyebaki, wasije wakamsahau. Nami nikapewa jina la mama."

"Vizuri," nikasema. Nilitafuta utani wa kuweka hapo. Haukuja.

Jikoni Teenie alikuwa anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

"Umeona," akasema.

"Nimeona nini?"

"Dod, usinifanye mpangaji. Umeona."

Nimeona. Mtu yeyote wa huku angeona. Kwetu jina halipewi mtoto wa pili wakati mwenye jina angali anapumua. Mtoto akifa, anayezaliwa baada yake ndiye anayelichukua. Mwaka 1844 Elspet alimwita binti mwingine Jean. Maana yake mwaka 1844 Elspet alikuwa ameshapata habari.

"Labda bibi zao wote wawili waliitwa Jean," nikasema. "Zipo nyumba za namna hiyo. Mtoto mmoja jina la bibi huyu, mmoja jina la bibi yule, na wote hai."

"Binti wa kwanza jina la mama wa mke. Wa pili jina la mama wa mume. Wa pili hapa ni Barbara. Hata wewe uliyekimbia shule unaweza kuhesabu mpaka mbili."

"Sikukimbia. Nilisindikizwa."

"Mwambie."

"Kesho."


Jumatano, 22 Agosti

Mvua. Sikumwambia.


Jumamosi, 25 Agosti

Mvua. Whinbrae amekuja kulalamika. Yule ana jina lake, lakini huku mkulima huitwa kwa shamba lake, na la kuzaliwa wanalikumbuka posta tu. Shayiri yake yote imelala chini kama mlevi. Sikumwambia. Bi Jean, namaanisha. Whinbrae nilimwambia mengi.


Jumanne, 4 Septemba

Mwalimu amepata kitu. Wiki mbili nilizoahidi zimekwisha jana, lakini dhoruba nazo huchelewa.

Zamani kibarua hakuweza kuhamia parokia nyingine mikono mitupu. Alibeba barua kutoka kwa wazee wa kanisa, kwamba ni mtu wa tabia njema, na karani aliinakili kitabuni. Na vibarua walihama kila nusu mwaka, mwisho wa Mei na mwisho wa Novemba, Siku ya Kuhama. Kwa hiyo ukiwa na subira ya Mwalimu Duguid unaweza kumfuata maskini barua kwa barua, kama unavyofuata matone ya maziwa kutoka zizini.

Barua yenyewe ni ya Mei 1842: *Kirsty Lobban, mjane, aenda Drumwhin, pamoja na msichana wa miaka kumi asiye wake.*

"Ndiye yeye," Bi Jean akasema. "Alipona homa."

"Msichana wa miaka kumi," Mwalimu akasema. Yeye hukubali kile kilichoandikwa tu.

"Alikuwa anatembea, Mwalimu. Mtu haandikwi kwamba amehama kama hawezi kutembea."

Bi Jean akacheka. Sikujua kwamba anaweza kucheka namna ile, kama msichana aliyetumwa dukani akakuta sherehe. Nikajikuta nacheka pia. Nikajiambia: labda. Labda wazee wa Ontario walisahau desturi mapema. Labda Elspet alikuwa mtu wa kufanya mambo kivyake.

Sikumwambia.


Alhamisi, 6 Septemba

Mvua.


Jumatano, 19 Septemba

Nimempeleka Bi Jean Drumwhin kwa pikipiki yangu, Mwalimu nyuma yangu, yeye kwenye kiti cha pembeni, amefungwa maturubai mpaka kidevuni. Teenie alisema nitamuua. Bi Jean alisema ana miaka sabini na sita na hajawahi kupigwa na upepo wa kutosha.

Njiani miganda ya shayiri imesimama mashambani imeota majani mabichi juu, kama vichwa vinavyohitaji kinyozi. Kila mtu tuliyempita alisema "siku mbaya", nasi tukajibu "mbaya kweli".

Karani wa Drumwhin ni mtu wa maneno machache, lakini alimleta Mwalimu wetu ndani, wakainamia kitabu kama madaktari. Novemba 1842: *Kirsty Lobban, aenda Pitfechie, pamoja na msichana.*

Bi Jean alipiga paja. "Tena," akasema. "Miezi sita na bado wapo pamoja."

Kurudi alinipigia kelele njia nzima juu ya injini. Kama Jean aliolewa na miaka ishirini, basi wajukuu wake wana umri wa Bi Jean mwenyewe. Wako hapahapa. Huenda mmoja amemuuzia stempu. Ameanza kufuma glavu za binamu ambaye hajamjua.

"Za mkono wa ukubwa gani?" nilimuuliza.

"Wangu," akasema. "Ni damu moja."

Teenie alinisubiri mlangoni. "Anafuma glavu, Dod."

"Najua."

"Ukimwambia sasa utamuumiza. Ukingoja zikamilike utamuumiza mara mbili, mkono huu na huu."

"Bado kuna Pitfechie."

"Dod wa kwanza hakuwa mwoga hivi," akasema, akaingia ndani.

Niliandika juu yangu siku ya kwanza nikaacha jambo moja. Mimi ni Dod wa pili. Dod ni George kwa kifupi. Mama alimzaa George, mtoto akafa ana miaka minne, kisha akanizaa mimi nikawa George. Teenie alimjua. Anakumbuka viatu vyake. Mimi jina langu lilikuwa limeshavaliwa nilipopewa, na huwezi kulirudisha dukani. Labda ndiyo sababu napiga kelele nyingi: mtu anataka ajulikane kwamba yupo humu ndani.


Ijumaa, 28 Septemba

Mvua. Glavu moja imekwisha. Sikumwambia.


Jumatatu, 8 Oktoba

Bi Jean ana kifua, Teenie amemzuia kitandani. Tulikwenda Pitfechie mimi na Mwalimu tu.

Kitabu cha Pitfechie kilikaa kwenye sanduku chini ya paa lenye tobo. Kurasa za majira yote ya baridi ya 1842 zimeshikana zikawa kama mkate uliotota. Mwalimu alizigusa kwa ncha ya kisu akaacha. Zinazosomeka zinaanza tena Mei 1843. Alisoma taratibu, kisha akanigeuzia kitabu nisome mwenyewe.

*Kirsty Lobban, mjane, aenda Fordoul.*

Basi. Nilisoma tena nikitafuta maneno matatu: pamoja na msichana. Niligeuza ukurasa kuona kama karani aliyaandika upande wa pili, kama mtu anavyotafuta miwani iliyoko puani.

"Huenda alimsahau tu," nikasema. "Karani."

"Karani huyu ameandika ng'ombe wa mchungaji amepata kikohozi," Mwalimu akasema. "Hakusahau msichana."

"Huenda aliajiriwa. Miaka kumi na mmoja, waliajiriwa."

"Huenda." Akafunga kitabu. "Dod, ile Biblia niliiona siku ileile ulipoiona wewe. Nilidhani utamwambia. Wewe ndiye unayemchekesha."

Nyumbani Bi Jean aliuliza kabla sijavua koti. "Na msichana?"

"Kitabu kimetota," nikasema. "Hakisomeki."

Ni kweli. Nusu yake. Nimedanganya maofisa wa forodha wa mataifa kumi na moja na sijawahi kulala vibaya.


Jumapili, 14 Oktoba

Mvua. Anauliza kama vitabu vikikauka husomeka. Nikasema mambo ya ajabu hutokea.


Jumapili, 21 Oktoba

Leo nitaandika mpaka mkono ugome.

Jua lilitoka. Ndilo lililoniangusha. Baada ya ibada Bi Jean alisema kwa kuwa hakuna mvua angependa kutembea makaburini. Miezi miwili amekuwa anakimbizwa kutoka mlangoni mpaka nyumbani chini ya mwavuli. Mimi nilikuwa nimesimama na Whinbrae, namweleza jinsi Waargentina wanavyovuna, na nilipogeuka nilimwona mbele ya jiwe letu. Mbio zangu si nzuri siku hizi.

Alikuwa anasoma kwa sauti ndogo. "George Shewan. Miaka minne. Elfu moja mia nane themanini na mbili." Akanitazama. "Dod ni George, siyo?"

"Ndiyo."

"Wewe umezaliwa mwaka gani?"

Ningeweza kusema chochote. Teenie alikuwa amefika nyuma yangu.

"Themanini na tatu," nikasema.

"Huyu ni nani?"

"Kaka yangu."

"Jina lako."

"Jina lake. Mimi nimelipata yeye alipokwisha kulitumia." Nilijaribu kufanya iwe utani. Ilitoka kama ilivyo.

Alisimama pale. Akaangalia jiwe lililofuata, la akina Duguid, na lile la pili yake. Ukijua unachotafuta utaona yamejaa. *Margaret, miezi sita. Margaret, miaka themanini.* *James. James. James.* Nilimwona akienda kutoka jiwe hadi jiwe akihesabu, halafu akaacha kuhesabu. Akakaa juu ya ukingo wa kaburi la mtu, kitu ambacho hapa hakifanywi, na hakuna aliyemkataza.

"Hutoi jina mara mbili wa kwanza akiwa hai," akasema.

"Hatutoi."

"Mama yangu alizaliwa arobaini na nne."

"Ndiyo, Bi Jean."

"Nilikuonyesha Biblia siku ya pili tu. Ulijua siku ile."

"Nilijua."

"Na kile kitabu kilichotota?"

Nikamwambia. Barua ya Mei, Kirsty Lobban peke yake. Maneno matatu yasiyokuwapo.

Hakulia. Afadhali angelia, nimeshazoea wanawake kunililia katika bandari mbalimbali. Alisema, kwa adabu kama anayerudisha chenji iliyozidi, "Nimecheka sana ndani ya kile kiti chako cha pembeni, Dod. Mtu wa umri wangu. Nilipiga paja."

"Nilitaka ufurahi kidogo."

"Ulitaka kuendelea kuwa mtu wa wiki mbili."

Nimekwenda na maneno yale kitandani na mezani, nayaona ni ya kweli. Yote mawili ni ya kweli, lakini lake limetangulia.

Teenie alimshika mkono akamrudisha nyumbani. Mimi nilibaki na Dod wa kwanza. Sikuwa na la kumwambia, naye ni mtulivu, kama wanavyosema.


Jumatatu, 22 Oktoba

Hakutoka chumbani. Jua, la kuchoma kabisa. Watu wote mashambani, wanaokoa kilichobaki.


Jumanne, 23 Oktoba

Hakutoka. Nilimpikia supu ya samaki wa kuvuta moshi, ile iliyowatuliza mabaharia waliogoma. Teenie aliirudisha na kijiko kikavu.


Jumatano, 24 Oktoba

Alitoka saa ya chai akiwa amevaa vizuri, akakaa mahali pake.

"Bibi yangu hakuwa mtu wa maneno mengi," akasema, kama aliyekuwa anaendelea na mazungumzo. "Kila alilosema alilichagua. Miaka sitini na nne namsikia kichwani akisema twende tukamchukue Jean. Tumtafute Jean. Siku hizi mbili nimelala nikamsikiliza vizuri. Hakusema mkamchukue. Alisema mkamwambie."

Teenie aliweka birika chini.

"Aliye hai huchukuliwa," Teenie akasema taratibu. "Aliyekufa ndiye huambiwa."

"Alikuwa anatutuma kaburini. Alijua tangu arobaini na nne, hakumwambia mtu, akamwita mama yangu kwa jina lile kila siku, asubuhi na jioni, njoo ule, Jean, funga mlango, Jean. Nasi tukadhani ni mapenzi ya jina." Akanigeukia. "Nipeleke Pitfechie. Nimebakiwa na kazi ndogo kuliko niliyoijia. Mtu anasimama juu ya kaburi, anasema sentensi tano, basi."

Nikasema nitampeleka. Sikusema hatujui kaburi liko wapi. Kisha nikakumbuka nilipofikishwa na kutosema.

"Bi Jean," nikasema, "majira yale hayasomeki. Na maskini hawakuwekewa jiwe. Sijui kama tutaliona."

"Asante," akasema. Ni asante ya kwanza niliyopata nyumba hii bila kujigamba kabla yake.


Alhamisi, 1 Novemba

Pitfechie. Mvua ya pembeni, ile inayoingia sikio hili na kutokea lile.

Upande wa kusini wa kanisa una mawe. Upande wa kaskazini, ambako jua halifiki, una nyasi, na kondoo watatu. Walizikwa huko vibarua, watoto wao na watu waliookotwa mitoni. Ni kipande kikubwa. Nimewahi kufanya kazi kwenye meli fupi kuliko kile.

"Inawezekana yuko hapa," Mwalimu akasema. "Inawezekana pia alikuwa ameajiriwa Fordoul, au Auchmorn, akafia huko."

"Kwa hiyo inawezekana bado," Bi Jean akaanza.

"Hapana, mama. Nasema kwamba hata alikolala hatutajua. Nimetafuta. Samahani."

Bi Jean alikuwa na karatasi aliyoiandika, ameikunja mara nne. Aliitoa. Akageukia nyasi, kisha akageuka kidogo, kisha tena, kama mtu aliyeingia chumba cha giza anasikia kuna mtu ndani.

"Nizungumze na upande gani?" akauliza.

Alitembea hatua tatu ndani ya nyasi na magoti yakaachia. Nilimdaka. Uzito wake ni wa koti.


Ijumaa, 2 Novemba

Daktari amesema moyo. Amesema kama anataka kuiona Ontario aondoke sasa, na kama hataki, basi achague chumba. Amechagua meli.


Jumanne, 6 Novemba

Mvua. Whinbrae amelima shayiri iliyobaki, ameifukia hukohuko ilikolala.


Jumamosi, 10 Novemba

Bi Jean ameondoka kwa basi la saa tatu. Teenie anamsindikiza mpaka melini. Kabla ya kupanda alinipa karatasi ile iliyokunjwa mara nne.

"Wewe una sauti," akasema. "Domo kubwa, lakini sauti unayo."

"Nikamwambie?"

"Ukamwambie. Pitfechie, na Fordoul, na Auchmorn, kila penye nyasi bila mawe. Wakati wa Siku ya Kuhama, atakuwa anatazama barabara. Na Dod, usiongeze chumvi."

"Bi Jean, kuhusu Kanada." Basi lilikuwa linanguruma. "Nilifika Halifax siku mbili, mwaka wa kumi na tisa. Kulikuwa na ukungu. Hata ng'ambo ya barabara sikuiona."

"Najua," akasema. "Uliniuliza kama Ontario kuna bahari."

Amemwachia Teenie glavu zile. Ya pili haina kidole gumba.


Jumatano, 14 Novemba

Teenie amerudi. Auchmorn nimekwenda. Nilisoma karatasi yote kwenye nyasi nikaona aibu, mchunga kondoo alikuwa anasikiliza.


Jumatatu, 19 Novemba

Fordoul. Hakukuwa na mtu. Aibu ilikuwa ileile.


Jumatatu, 26 Novemba

Simu ya maandishi, kwa Teenie. Kumbe kwenye karatasi za meli Bi Jean aliandika jina la Teenie pale penye jina la ndugu. Alikufa melini siku ya tano. Hakutaka mwili wake uhifadhiwe mpaka bandarini, aliacha maandishi, wakamzika baharini siku iliyofuata asubuhi.

Nimeshuhudia maziko ya namna hiyo mara saba. Nahodha anasoma, injini zinapunguzwa, ubao unainuliwa. Halafu injini zinarudishwa, na ukitazama nyuma huwezi kuonyesha mtu kwa kidole kwamba ni pale.

Teenie ameketi na ile glavu. Ameshika sindano na uzi lakini hafumi.


Jumatano, 28 Novemba

Siku ya Kuhama. Vijana wa mashamba wanahama na masanduku yao kama zamani, ila sasa wanabebwa juu ya trekta. Niliwapita njia nzima kwenda Pitfechie. Mmoja aliniuliza kiti cha pembeni kitupu nampelekea nani. Siku nyingine ningemjibu akacheka mpaka Mei.

Mvua tangu alfajiri. Kondoo wamehamishwa nao. Nilisimama upande wa kaskazini, kofia mkononi, nikakunjua karatasi. Mstari wa kwanza ulisema: *Jean, mimi ni Jean.* Wa pili ulisema walikwenda Ontario, mahali penye mto na miti mikubwa, na Barbara aliishi miaka tisini. Wa tatu ulikuwa unaanza kuhusu mama yake. Mvua ikaufikia kabla yangu. Wino ulikimbia wote pamoja ukaingia mkononi mwangu, nikabaki na karatasi ya buluu.

Nilikuwa nimeusoma ujumbe ule mara mbili, ungedhani nimeukariri. Sikuwa nimeukariri. Auchmorn na Fordoul nilisoma nikijisikiliza sauti.

Kwa hiyo nilimwambia nilichokuwa nacho. Nilisema, Jean, walikwenda Kanada. Mimi sipajui. Nilisema mama yako alipata habari zako, sijui kwa barua ya nani, na akaendelea kukuita kila siku miaka arobaini na mitatu, na mtu mwingine alikuwa anaitika. Nilisema wote wamekwisha. Barbara, Alexander, William, yule aliyevaa jina lako, na binti yake. Yule wa mwisho alikuja mpaka hapa, alisimama karibu na ule ukuta, hakujua akutazame wapi. Sasa yuko katikati ya njia, kwenye maji. Sijui niseme anakuja au anaondoka.

Kisha nikangoja. Sijui nilingoja nini. Huenda nilisimama juu yake, huenda nilimpa mgongo, huenda msichana yuko maili kumi kutoka hapa, chini ya shamba la mtu. Nilivaa kofia.

Teenie aliniuliza kama nimemwambia. Nikasema nimemwambia mtu.